Treni ya Mgiriki

Buyenzi, Bujumbura
14 Januari 2024

Mwanangu Lamya,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na mama yako Ernestine, na baridi ya huko Liège, Ubelgiji, iwe imewabakizia hata vidole vya kuandikia. Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa Sheikha goti linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Anakusalimia na anauliza utaolewa lini. Mimi nimeandika tu kama nilivyotumwa.

Utajiuliza kwa nini barua wakati dunia nzima ina simu. Masikio yangu yameliwa na nyundo, mwanangu. Miaka arobaini na mitano ya kugonga radiateri za maji za malori si mchezo. Mtu akinipigia nasikia maji yanachemka tu. Na nikimpa mjukuu simu aniandikie, kabla ya adhuhuri Buyenzi yote inajua nimeandika nini. Mwandiko wangu uuvumilie. Naandika kwa mkono wa kulia kama tulivyochapwa madrasa mpaka tukazoea. Mkono wangu wa kweli ni wa kushoto, huo wa kazi, na siku hizi nao unatetemeka.

Sasa neno lenyewe. Humu nyumbani kuna sanduku. Mwaka 1976 kulikuwa na Mgiriki mmoja, Bwana Stavros, aliyeuza vitambaa mjini na lori lake likitengenezwa kwa babu yako. Alipoondoka alimwachia babu yako treni ya kuchezea ya bati: kichwa kimoja, mabehewa matano, na reli zake. Ni ya kutia ufunguo, haitaki umeme. Alisema, "Massoudi akiwa bwana harusi nitakuwa nimerudi, nitaichukua." Hakurudi. Babu yako aliitunza kama amana mpaka alipofariki mwaka 1996, kisha nikaitunza mimi.

Nimefika miaka sitini na mitano. Sitaki kuingia kaburini na sanduku la watu kichwani. Mgiriki nimemtafuta kwa kila aliyemjua na hakuna mwenye habari zake. Imamu ameniambia kwamba nikishakata tamaa niiuze, na pesa niitoe sadaka kwa jina la mwenyewe. Ila niiuze kwa bei yake ya haki, na mnunuzi nimtajie kila kasoro. Sasa yuko bwana mmoja, Birindwa, anayetoa mizigo pale bandarini, na pembeni huwauzia wazungu vitu vya zamani. Amekuja, ameguna, ametaja bei. Ameitaja haraka mno. Sheikha akaninong'oneza, "Mutu akitaja bei mbio-mbio, ujue ni ndogo."

Wewe uko kwenye nchi vilikotoka vitu hivi. Niulizie kwa wajuzi, treni ya namna hii hupimwaje?

Baba yako angetusaidia. Miaka miwili sasa tangu Mungu amchukue. Niwie radhi kwamba sikuja kumzika.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Massoudi


Liège
20 Februari 2024

Shikamoo Baba mkubwa,

Barua yako imefika jana. Elsa wa jirani yenu aliisafirisha ndani ya sanduku lake pamoja na samaki wa ndagala, akaisahau humo wiki tatu. Nimeisoma nikiwa na njaa. Mama anakusalimu sana. Mwambie Mama mkubwa kwamba nitaolewa akipona goti, ili acheze.

Hapa kuna soko la Jumapili kando ya mto, na mzee mmoja wa Kibelgiji hauzi kingine ila treni za kuchezea. Nilipomweleza alinikatiza. Alisema nisimwambie tunataka bei gani, nimwambie tunaona nini. Basi nakuomba uwe macho yangu.

Angalia kwanza kama rangi na maandishi yamepigwa chapa juu ya bati au yamepakwa kwa brashi. Angalia bati limeshikana vipi: viwandani walikuwa wanapitisha vikucha vya bati kwenye tundu kisha wanavikunja, hawakulehemu ovyo. Magurudumu yatazame kwa makini, maana treni iliyokimbia sana hutoka rangi pale inapogusa reli. Skrubu nazo husema: iliyochubuka kichwani imeshafunguliwa. Sanduku la asili likiwepo, bei hupanda mara mbili. Mwisho geuza kichwa cha treni uangalie tumboni. Mzee anasema watu hufichia mambo yao huko.

Na Baba mkubwa, tafadhali, USIOSHE, USISUGUE, USIPAKE RANGI. Thamani iko kwenye kile ambacho hakijaguswa. Nilicheka aliposema hivyo, kwa sababu kitu pekee Baba alichonisimulia kuhusu Buyenzi ni harufu ya rangi, na kwamba hakuna gari linalotoka kule na sura liliyoingia nayo.

Kitu pekee kweli. Nimezaliwa hapa, nimelelewa kwa Kiswahili chake, nimejua jina la kila msikiti wenu, lakini kila nilipomuuliza kwa nini hatuendi, alisimama akaenda kuchemsha chai. Sasa amekufa na chai imekwisha. Umebaki wewe wa kuniambia. Kwa nini Baba hakurudi nyumbani hata mara moja?

Lakini tuanze na treni.

Mwanao,
Lamya


Buyenzi
2 Aprili 2024

Mwanangu Lamya,

Ramadhani imetushika vizuri, alhamdulillahi, ingawa mvua imekataa kufunga. Ziwa limepanda mpaka watu wa kule chini wamehama na magodoro vichwani. Sisi tuko salama.

Barua yako ilifika Alhamisi. Behewa nililiosha Jumatatu.

Usinikemee, nimeshakemewa. Nilitaka tu Birindwa asione vumbi. Nikachovya kitambaa kwenye esansi, hii esansi ya magari ambayo watu wanailalia foleni siku tatu, nikasugua behewa la abiria. Maandishi ya dhahabu yalihamia kwenye kitambaa. Sheikha alisimama mlangoni akasema, "We Massoudi, hata maiti ungeipiga rangi kwanza." Nilikaa chini nikaona haya. Huku kwetu kumpa mtu kitu chake bila kukiosha ni dharau, Lamya. Nilidhani namheshimu Mgiriki.

Hayo mengine nimeyatazama kama ulivyoagiza, kwa miwani yangu na ya Sheikha juu yake. Rangi ni ya chapa. Vikucha vya mabehewa vimekunjwa vizuri, havijaguswa. Sanduku lipo, kona moja imeliwa na mchwa. Ufunguo upo. Mabehewa yote matano yapo, ukihesabu na lile nililoliua. Magurudumu yanang'aa pale yanapokanyaga reli, yote.

Kuhusu kile cha mwisho, mwanga wa ukumbini ni hafifu, na macho ya mfungaji mchana hayana nguvu. Nitaangalia siku nyingine.

Umeniuliza habari za baba yako. Nikujibu nini? Maisha, mwanangu. Alikwenda Kigoma akiwa kijana, kutoka huko akavuka kwenda Ulaya, huku nako vita vikaja. Wengi hawakurudi, si yeye peke yake. Nami nikuulize: aliwahi kutaja treni hii kwako?

Sheikha anasema goti limepona, utaje tarehe.

Massoudi


Liège
19 Mei 2024

Baba mkubwa, shikamoo,

Idi njema, japo imechelewa kama mimi. Tumeona picha za mafuriko tukaogopa, ndipo Elsa akatuhakikishia kwamba Buyenzi hakuna maji. Mama amekuwa akiumwa mgongo, sasa nafuu.

Nilimsimulia mzee habari za esansi. Alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akauliza kama wewe ni mtu mwema. Nikasema ndiyo. Akasema watu wema ndio huosha. Behewa lililooshwa halifikii hata theluthi ya bei yake, lakini alisema nisikusumbue nalo tena.

Kilichomshangaza ni magurudumu. Uliniambia babu aliitunza kama amana. Mzee anasema mng'aro wa namna hiyo haupatikani kwa kukaa sandukuni. Treni hiyo imekimbia, tena mara nyingi. Anauliza alicheza nani.

Nami niliuliza, nilimuuliza Mama. Tangu msiba hapendi kusemeshwa habari za Baba, lakini safari hii nilimwonyesha barua yako. Aliisoma, kisha akanieleza jambo ambalo Baba alimwambia mara moja tu, mwaka 1996, zilipofika habari za kifo cha babu. Alimwambia hivi, na Mama amenikariria kwa sauti ya Baba: "Ni mi nilivunja amana ya baba. Baba akanifukuza. Mutu mwenye kufukuzwa harudi mpaka aitwe." Halafu akahamisha kiti chake karibu na simu. Mama anasema alikaa hapo jioni zote mwezi mzima, akitoka kazini hata koti havui. Simu haikulia.

Kwa hiyo ni treni hii, sivyo? Baba yangu aliivunja akiwa mtoto wa miaka kumi na sita, na kwa ajili ya bati la kuchezea akakaa mbali na kwao miaka arobaini na mitatu mpaka akafa. Nimekasirika, Baba mkubwa. Nimemkasirikia babu ambaye sikumwona. Nimekukasirikia kidogo na wewe, maana ulijua, ukaniandikia "maisha".

Na bado hujaniambia tumboni kuna nini. Kati ya maswali yote ni hilo tu ulilolikwepa. Kila Jumapili mzee huanza nalo.

Lamya


Buyenzi
30 Juni 2024

Lamya,

Tuko wazima. Sheikha mzima.

Elsa anasafiri Jumanne. Nimempa kichwa cha treni. Nimekifunga kwa kanzu yangu ya zamani ili kisigongwe, na nimemwapisha asikichanganye na ndagala.

Kipeleke kwa huyo mzee akitazame mwenyewe. Maneno yake si lazima uniandikie, niandikie bei tu.

Baba yako alikuwa mtu mwema. Hilo ulijue kwanza kabla hujakigeuza.

Massoudi


Liège
8 Septemba 2024

Baba mkubwa,

Salamu kutoka kwa Mama. Nimechelewa kujibu na sitasingizia kazi. Barua hii nimeianza mara nne.

Jumapili moja ya Julai nilimpelekea mzee kichwa cha treni. Alikifungua kwenye kanzu yako taratibu, akakiweka juu ya meza yake, akakiangalia muda mrefu bila kukigusa. Kisha akakigeuza. Akachukua kioo chake cha kukuzia. Nilidhani atasikitika, kumbe alitabasamu.

Alinionyesha. Bamba lote la mbele liliwahi kung'oka, likarudishwa kwa lehemu. Alisema kazi ile ni ya zamani, karibu na nusu karne, na ni ya fundi aliyejua anachofanya. Lakini si fundi wa treni. Fundi wa treni huweka lehemu kidogo, pale pa kushika tu. Huyu amezungusha pande zote, hakuacha hata tundu la sindano. Mzee aliniuliza, "Kwa nini aliogopa maji yasije yakavuja? Treni haina maji."

Halafu akaongeza kwamba chuma cha kulehemia kilivutwa kwa kinyume. Aliyelehemu alitumia mkono wa kushoto.

Nililipa kahawa yake nikatembea kando ya mto mpaka miguu ikauma. Baba hakuwa na mikono ya fundi. Nyumbani kwetu taa ikiungua aliyepanda kiti ni Mama. Alikula kwa kulia, akaandika kwa kulia, akatupungia kwa kulia hata kitandani hospitalini. Na barua yako ya kwanza ninayo hapa mbele yangu, ile ya mkono wa kweli na radiateri za miaka arobaini na mitano.

Bei sitakuandikia. Imamu wako alisema mnunuzi atajiwe kila kasoro. Mimi si mnunuzi, lakini naona mwaka mzima huu umekuwa ukiniuzia jambo. Nitajie.

Lamya


Buyenzi
20 Oktoba 2024

Mwanangu Lamya,

Assalaam alaykum. Habari za nyumbani utazisoma mwishoni, kwa sababu leo zinatokana na neno lenyewe.

Ni mimi niliyeivunja.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1979. Nilijifanya nina homa ili nisiende msikitini. Nilikuwa na miaka ishirini, bwana mzima, mchumba nimeshaposewa, na bado roho yangu ilikuwa chini ya kitanda cha baba pamoja na lile sanduku. Walipotoka wote nilitandaza reli uani nikatia ufunguo. Unajua, sijawahi kuona reli ya kweli maishani mwangu. Hapa kwetu hakuna. Kile kitu kilipoanza kuzunguka chenyewe nilicheka peke yangu.

Baba yako Jaffar akanikuta. Badala ya kunisema alivua viatu akakaa chini. Tukacheza pamoja Ijumaa ile, na Ijumaa nyingine nyingi, yeye akijifunza kutoroka swala kwa kaka yake. Magurudumu hayo tuliyang'arisha sisi wawili. Siku moja nikatia ufunguo kupita kiasi, kikaruka reli na kupiga saruji. Bamba likang'oka. Nilikimbia nalo karakana nikalilehemu kabla baba hajatoka msikitini. Nililehemu kama nilivyojua. Huyo mzee wako amesema kweli, nilikuwa sijui kulehemu kitu kisichotiwa maji.

Miezi miwili baadaye Mgiriki akatuma habari kwamba anakuja. Baba akafungua sanduku apanguse vumbi. Akatuita mimi na Jaffar, kichwa cha treni kiko mkononi mwake, na wajomba zake Sheikha wamekaa hapohapo ukumbini wamekuja kupanga siku ya nikaha. Akauliza, "Nani amegusa amana ya watu?"

Niliuona mlango, niliwaona wajomba, nikauona mdomo wangu unakataa kufunguka. Baba yako akasema, "Ni mi, baba. Massoudi hakugusa." Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akasema hataki mvunja amana chini ya paa lake.

Nilimsindikiza Jaffar bandarini, kwenye meli ya Kigoma. Aliniambia nisilie, watu wataona. Nikamwambia, "Harusi ikipita tu nitasema, nitakuita. Mwezi mmoja." Akacheka akasema, "Mwezi moja ni kidogo, kaka, kula kwanza pilau." Mgiriki hakuja. Harusi ikapita. Nikasema nikipata mtoto wa kwanza nitamwita. Nikampata. Nikasema babu yako akipoa hasira nitamwita.

Hili ninaloliandika sasa hajawahi kulijua mtu, na baba yako pia alikufa hajalijua. Mwaka 1996, siku tatu kabla ya kufa, baba aliniomba nimletee lile sanduku. Alikuwa hawezi kukaa. Nilimwekea kichwa cha treni kifuani. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya lehemu yangu, polepole, mzunguko mzima. Akasema, "Mkono huu niliujua siku ileile. Nani alikufundisha kulehemu kama si mimi? Nilikungoja useme. Nilikungoja mpaka meli ikaondoka." Kisha akasema, "Mwite mdogo wako."

Sikumwita, Lamya. Namba yake nilikuwa nayo. Nilikwenda kwenye nyumba ya simu, nikakaa kwenye benchi, zamu yangu ikafika, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu, nikarudi nyumbani. Kumwita kulitaka kwanza nieleze kwa nini alifukuzwa, na Sheikha alikuwa na watoto wangu wanne, na ndugu zake wako hai. Habari za msiba nilimwachia binamu yetu azipeleke. Kwa hiyo zile jioni mama yako alizokusimulia, baba yako na koti lake karibu na simu, mimi nilikuwa hapa, umbali wa dakika tano kutoka kwenye ile nyumba ya simu. Tangu uliponiandikia habari ya lile koti silali.

Nilikuomba unipimie treni. Uongo. Treni kila mtu angeweza kuipima. Nilitaka mgeni mwenye kioo aone lehemu, akwambie yeye, ili mimi nisiseme. Hata hilo nilitaka mtu mwingine anibebee. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao kumi na mmoja na hakuna hata mmoja mzito kama huyu.

Sasa habari za nyumbani. Juzi Birindwa alikuja kudai jibu. Nikamketisha, nikamwita Sheikha naye aketi, nikasema, "Treni hii ina kasoro, na sheria ni niitaje." Nikazitaja zote, na behewa, na mchwa, na tumbo la kichwa na aliyelivunja na aliyesema ni yeye. Birindwa alikohoa akasema bei itabidi ishuke, akatafuta viatu vyake. Sheikha alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akarudi. Ndipo akasema, "Kumbe mahari yangu alilipa Jaffar."

Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, lakini haulizi kama chumvi imekolea. Miaka arobaini na mitano ameniuliza kila siku.

Nimeona niseme neno ambalo ningelisema mwaka 1979, na 1996, na miaka yote ya katikati. Nalisema kwako kwa kuwa mwenyewe hayupo. Njoo nyumbani. Nakuita.

Massoudi


Liège
1 Desemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo,

Mama mzima. Barua yako nilimsomea yeye kwanza, kisha nikaingia chumbani kwa Baba nikaisoma tena kwa sauti. Nilipofika pale pa pilau ilibidi nisimame kidogo, maana hicho ni kicheko chake kabisa, nilikisikia.

Kwanza bei, kwa sababu ni amana na imamu anangoja. Mzee wa soko ameandika karatasi na kuipiga muhuri. Magurudumu yamechakaa, behewa moja limeoshwa, bamba la mbele limevunjika na kulehemiwa na fundi hodari asiye wa treni. Alipojumlisha yote, akafikia karibu bei ileile aliyotaja Birindwa siku ya kwanza. Birindwa hakukudanganya. Mtake radhi. Mzee alijitolea kuiondoa lehemu yako na kuweka bamba jipya, ili bei ipande. Nilikataa. Nilimwambia ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho Baba na kaka yake wote wawili walikuwepo kilipotokea.

Pili, umeniomba radhi bila kuandika neno lenyewe, lakini nimeliona. Nimekaa nalo wiki tatu. Sehemu yangu nimekusamehe: safari ambazo hatukuja, bibi ambaye sikumjua, chai zote zile. Ni yangu, na nimeitoa. Sehemu ya Baba siwezi kukupa. Si kwamba nakunyima, Baba mkubwa. Si mali yangu. Ameniachia, na mwenyewe hatarudi kuichukua, na sijui imamu gani ataniambia niifanyie nini.

Mwambie Mama mkubwa Sheikha kwamba siku moja akijisikia, aulize tu kama chumvi imekolea. Baba asingependa hali iwe hivyo.

Nitafika Bujumbura tarehe nne Januari. Ninakuja na kichwa cha treni mkononi, sitampa Elsa. Msinipikie siku ile. Kabla ya kwenda nyumbani nataka unipeleke bandarini, tushuke mimi na wewe tu, unionyeshe mahali pale ulipomwambia mwezi mmoja. Nataka nisimame upande aliosimama yeye. Halafu uniite tena, kwa mdomo, kwa jina lake.

Mwanao,
Lamya binti Jaffar